Uzoefu wangu: Ayurveda kwa mtu mwenye hasira za karibu

Kwa lugha ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mimi ni mtu wa pitta, yaani asili ya moto na maji, yenye makao yake tumboni. Ikizidi, huleta kiungulia, jasho jingi, na ulimi mkali usiomsubiri mtu amalize kusema. Yote matatu nilikuwa nayo. Nikaenda Kerala, India, kwenye kituo kimoja cha matibabu, wakati wa mvua. Huko mwezi wa Karkidakam, kuanzia katikati ya Julai, ndio huhesabiwa kuwa bora kwa tiba hizi.

Kila mtu huniuliza kuhusu takradhara. Unalazwa chali, macho yamefunikwa, na mtindi mwembamba uliotiwa dawa za mitishamba unamiminwa juu ya paji la uso bila kukatika. Ni raha kweli, na usiku wake nililala fofofo. Ila utulivu ule haukukaa.

Kilichokaa ni chakula. Daktari aliniondolea pilipili, achari, siki, kahawa na vya kukaanga, akaniwekea choroko na wali kwa samli, matango, madafu, na maji yaliyochemshwa na mbegu za giligilani. Mlo mkubwa uwe adhuhuri, tena nisiuruke kamwe, maana mtu wa pitta akishikwa na njaa ndipo anapowaka. Sisi wa Mombasa tumelelewa na wazee wanaotenga vyakula vya moto na vya baridi, kwa hiyo sikuona ugeni. Kuachana na achari ya maembe ndiko kulikoniuma! Lakini kiungulia kimetulia, na mke wangu alisema nyumba imepoa kabla sijamuuliza.

Nilifundishwa pia shitali: unakunja ulimi kama mrija, unavuta pumzi kupitia hapo, unaitoa puani. Haigharimu kitu, nami huifanya kabla ya kupokea simu ninayojua itanikera.

Jihadharini na vidonge. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini, zikiwemo risasi na zebaki, ambazo ni sumu mwilini. Mimi nilikataa kila kisichoeleza kilichomo. Mtafute daktari mwenye BAMS, shahada ya udaktari wa Ayurveda, inayosomewa miaka 5 na nusu pamoja na mafunzo ya kazi, na dawa za hospitali usiziache bila kumwambia aliyekuandikia.

Pesa ikiwa ndogo, lipia ushauri wa chakula kwanza, takradhara ingoje.