Koesister za Bo-Kaap: nenda Jumapili, na ubebe bakuli

Nianze na kosa langu. Kama unakwenda Cape Town na umeambiwa usirudi bila kuonja koesister, andazi la kule linalotiwa shira, angalia herufi vizuri. Kuna koeksister, yenye k katikati, na kuna koesister isiyo nayo. Mimi nilidhani ni neno moja, watu tu hawakubaliani namna ya kuliandika. Kumbe ni vitu viwili, na nikaanza na kile ambacho sikukifuata.

Tulikwenda mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu ambaye alitoka Tanga kuja Dar akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, kwa hiyo mawazo yetu yote yalikuwa kwenye tiketi na malazi. Baridi hatukuiwazia. Juni kule ni kipupwe chenyewe, mvua inakuja na upepo wa kukupindua mwavuli, na Mlima wa Meza tulioufuata ukajifunika mawingu siku tatu mfululizo. Mama alivaa sweta mbili na kanga juu yake, akauliza kama kweli tumelipa nauli ili tuje kuteswa.

Siku ya pili tukaingia mgahawa mmoja kule bandarini wanakojaa watalii, nikaona koeksister kwenye kabati la kioo. Imesukwa kama mkia wa nywele, inang'aa, baridi kama imetoka kwenye friji. Hiyo ni ya Makaburu. Wao huikaanga, kisha ikiwa bado ya moto wanaitumbukiza kwenye shira iliyopozwa kwa barafu, ndiyo maana nje inakuwa ngumu na ndani imejaa shira. Nasikia ikiwa mpya ni tamu sana. Ile yetu ilikuwa imelala, labda siku mbili, na bei yake ilikuwa ya mgeni. Kijana wangu, mtoto anayeweza kula sukari kwa kijiko, aliiacha nusu. Mama alilamba kidole kimoja tu. "Hii ni sukari imejificha kwenye ngano," akasema, akaomba chai.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba tuliyopanga. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nisubiri Jumapili asubuhi, niende Bo-Kaap mapema, na nibebe chombo changu. Chombo alisisitiza mara mbili.

Bo-Kaap wengi mmeiona kwenye picha, ule mtaa wa nyumba za pinki, kijani na manjano chini ya kilima cha Signal Hill. Picha hazikwambii kwamba barabara zake za mawe zina mwinuko wa kumtoa mtu mzima jasho hata kwenye baridi ile. Wenyeji ni Waislamu wa Cape, wengi wao wazao wa watumwa na wafungwa walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska, na wengine pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Jumamosi tulipita Msikiti wa Auwal, ambao umekuwepo tangu 1794 na ndio wa kwanza nchi ile. Mama alisimama nje muda mrefu, mimi nikadhani amechoka. Tukiwa palepale ukalia mzinga wa saa sita mchana kutoka kilimani, binti yangu akaruka akanidandia. Wanaupiga kila siku isipokuwa Jumapili, kwa hiyo mwenye moyo mwepesi ajipange.

Jumapili saa mbili na nusu tukaikuta foleni mbele ya nyumba ya kawaida kabisa. Hakuna kibao, hakuna meza. Watu wamevaa ndala na koti la baridi juu ya nguo za kulalia, kila mmoja na bakuli lake au kopo la plastiki lenye mfuniko. Harufu ilitufikia kabla hatujafika kona: iliki, mdalasini, mafuta ya moto, na kitu kingine nilichoshindwa kukitaja.

Mlango ulikuwa wazi nasi tukawa tunaona mpaka ndani. Koesister zilikuwa zimeshakaangwa na kupoa kidogo, za rangi ya kahawia, umbo la yai lililobonyezwa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anazimimina kwenye sufuria ya shira inayochemka, kama kumi kwa mkupuo. Shira inapanda povu, anazigeuzageuza kama dakika moja hivi, zinavimba na kunywa, anaziopoa kwa kijiko cha matundu, kisha anazinyunyizia nazi iliyokaushwa. Kazi yote imekwisha hapo. Unakabidhiwa bakuli lako likiwa la moto kiasi cha kulishika kwa ncha za kanga.

Mama yangu amepika mahamri ya kuuza kwa zaidi ya miaka ishirini, hivyo huwezi kumpa kitumbua akakila tu. Aliivunja koesister yake katikati, akainusa, akaangalia matundu ya ndani, akabonyeza kwa kidole kuona kama inarudi. Ndipo akauma. Akatafuna polepole, sisi wote tunamtazama kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Humu kuna kiazi," akasema.

Nikamtafsiria mpishi. Yule mama akaacha kijiko, akamtazama mama yangu, akaangua kicheko. Kweli, unga wao wa hamira wanauchanganya na kiazi kilichopondwa, ndicho kinachoufanya uwe laini na usikauke upesi. Baada ya hapo hawakunihitaji tena. Mmoja Kiafrikana, mwingine Kiswahili cha Tanga, wakaelewana kwa salamu na mikono. Akaletewa kopo dogo alinuse: maganda ya chenza yaliyokaushwa na kusagwa. Hiyo ndiyo harufu iliyonishinda. Humo mna pia tangawizi, na mbegu fulani yenye harufu ya kukaribiana na shamari. Tulipoaga tuliambiwa "tramakassie", asante yao waliyotoka nayo kwa Wamalay, na mama akaijibu kana kwamba ameizoea.

Kwa anayetaka kujua ladha: chukua hamri, litumbukize kwenye sufuria ya kalimati. Lakini usitarajie kulila na mbaazi, ni tamu mno. Mbili zinatosha kwa mtu mzima na kahawa isiyo na sukari. Tulilipa randi 6 kwa moja, kama shilingi 800 na kitu za kwetu, tukachukua kumi na mbili, tisa zikaisha tukiwa tumesimama barabarani. Zile tatu tulizobakiza mpaka jioni zilikuwa zimeshakuwa nzito na nazi imelowana, kwa hiyo msiweke akiba. Ukitaka za baadaye, waombe wakuuzie zisizotiwa shira, uchemshe shira yako mwenyewe. Beba pesa taslimu, ndogondogo. Na tafadhali, usipige picha milango ya watu bila kuomba. Tuliona basi zima la watalii likishuka na kumzunguka bibi anayefagia kibaraza chake; niliona aibu hata mimi ambaye sikuwemo.

Lililonikera ni moja tu: Jumatatu nilipojaribu kuulizia mtaani humo, niliambiwa nirudi Jumapili. Nilikuwa na ndege ya kurudi Jumatano.

Mama hakulalamika. Kipupwe ndicho msimu wa machenza kule, yanauzwa kwa mifuko barabarani, basi akatulisha machenza siku mbili, maganda akayapanga juu ya hita chumbani na kuyasafirisha ndani ya soksi. Mkupuo wa kwanza aliopika Tanga ulimshinda, alizidisha kiazi ukanywa mafuta, na nazi mbichi aliyokuna ikaloweka kila kitu. Wa pili alizikausha nazi juani kwanza. Nilimpigia simu siku hiyo jioni, nikasikia mlango unagongwa na mtoto wa jirani anasema ametumwa kuuliza kama yale mahamri yaliyolowa bado yapo.