Kamera ya mtego katika mazalio ya yangeyange: inachokiona na kinachoipita

Kamera hii ya mtego, inayouzwa kwa ajili ya kufuatilia wanyamapori wa kila aina, nimeitumia kuchunguza viota vya yangeyange na kwarara, ndege wa kandokando ya maji wanaotaga kwa makundi mitini, na naona kwamba inafaa, ila si kwa mpangilio inaotoka nao kiwandani.

Kihisi chake hupiga picha pale tu kitu chenye joto tofauti na la mazingira kinapopita mbele yake. Kwa rakuni, mnyama wa Amerika mwenye mwili wa joto anayepanda miti na kula mayai, hilo linatosha. Nyoka, ambaye joto la mwili wake hufuata la mahali alipo, anaweza kupanda, kumeza mayai na kushuka bila kunaswa hata mara moja, huku kadi ikijaa picha za mzazi anayegeuza mayai na za majani yaliyopata jua yakitikiswa na upepo. Anayesoma matokeo hayo kwa haraka atamwondolea nyoka lawama asiyostahili kuondolewa. Nimezima kihisi na kuiamuru kamera ipige kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Betri huisha upesi, lakini hapo ndipo chombo kinapoanza kulipa.

Ganda lililovunjika chini ya mti halimtaji aliyelivunja, na tumbusi anayeonekana akila kinda huenda alimkuta amekwisha kufa kwa njaa. Picha zilizotangulia ndizo zinazoamua: kinda aliyelegeza shingo ukingoni mwa kiota tangu alfajiri, mdomo haufunguki hata mzazi anapotua. Kutofautisha visababishi ni muhimu, kwani kunguru hudokoa mayai yaliyoachwa wazi, ilhali ujio wa rakuni unaweza kufanya koloni zima, yaani kundi lote la viota, lihamwe. Katika Everglades, eneo la kinamasi huko Florida, Marekani, aligeta (wanyama wa jamii ya mamba) walio majini chini ya miti huwazuia rakuni wasifike, ingawa aligeta wenyewe hula makinda wanaoanguka. Maji yakikauka, kinga hiyo hutoweka.

Kasoro ya umbo ni ndogo lakini inaudhi: ukingo wa juu ya lenzi ni mfupi mno, na kinyesi cheupe cha ndege walio matawi ya juu huziba kioo.

Kijitabu cha maelekezo hakigusii kabisa kwamba ufungaji wenyewe huwarusha wazazi, na kunguru hawakawii kutumia nafasi hiyo. Ifungwe kabla ndege hawajataga. Aliyechelewa aifanye kazi hiyo haraka, jua lisiwe kali kiasi cha kuunguza mayai yasiyolaliwa.