"Ni sukari tu, bosi": uzoefu wangu na sukari ya meno

Niseme mapema kwamba zailitoli yenyewe, ile sukari mbadala inayosifiwa kwamba haiozeshi meno, sina ugomvi nayo. Au ninao, sijui, mtaona. Ugomvi wangu mkubwa ni na yule kijana aliyeniuzia. Kuna kauli yake moja ambayo nikiikumbuka ndani ya daladala nasonya kwa sauti, mpaka abiria wa pembeni anasogeza mkoba wake.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Chai kwangu ni vijiko vinne, na kikombe hakijawahi kuwa kimoja. Mwaka juzi, kama sikosei, gego la chini lilinikesha siku tatu. Daktari akaliziba, halafu akanionyesha mengine mawili yaliyokuwa yameanza kuoza. Mke wangu amekulia Usa River, Arusha, kwenye maji yenye floridi nyingi, madini yanayokinga jino lakini yakizidi hulitia rangi, na meno yake yana ile rangi ya kahawia ya watu wa kule. Tangu tuoane huwa ananitania kwamba yake yana kutu lakini hayana shimo, yangu meupe kama ya kwenye tangazo, ukichungulia ndani ni mapango ya Amboni.

Daktari alinieleza kwa upole. Kinywani kuna bakteria, hasa yule anayeitwa Streptococcus mutans, wanaokula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoboa jino. Zailitoli ina utamu karibu sawa na wa sukari, ila bakteria akiichukua hapati chakula chochote, anajichosha bure. Akaniambia Wafini waliifanyia majaribio mjini Turku tangu miaka ya 1970, na kwao bigijii za zailitoli baada ya kula ni jambo la kawaida. Akanishauri nitafute bigijii hizo, nitafune mara tatu au nne kwa siku, jumla ya zailitoli iwe gramu 5 hadi 10, na dawa ya meno yenye floridi nisiiache. Yote hayo aliyasema. Mimi nilichotoka nacho pale ni "tamu kama sukari".

Bigijii sikuzipata. Nikaelekezwa duka moja la vyakula vya afya, jina nawaachia wenyewe. Kijana akachota unga mweupe kutoka kwenye gunia, akaupima, akaumimina kwenye mfuko mwepesi wa plastiki na kubandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: SUKARI YA MENO. Basi. Hakuna kipimo, hakuna onyo, hakuna hata jina la kitu chenyewe. Bei yake ningebeba sukari ya kawaida ya mwezi mzima. Nikamuuliza inatumikaje. Hakuinua hata macho kwenye simu.

"Ni sukari tu, bosi. Tumia kama sukari."

Nami nikaitumia kama sukari. Tena nikaona raha! Kijiko cha kwanza kinapoza ulimi kama umelamba pipi ya mnanaa. Nikamwambia mke wangu sukari ya zamani tumeiaga, jaza hii kwenye kopo.

Jumapili yake mama mkwe akaja.

Mke wangu aliamka mapema kukanda maandazi. Akatia hamira kwenye maziwa ya uvuguvugu na vijiko viwili vya ile "sukari", akasubiri itoe povu. Povu halikuja. Akaongeza hamira, wapi. Siku ile hatukujua kwamba hamira nayo haiwezi kuila zailitoli, kama wale bakteria wa mdomoni tu. Unga ulipanda kidogo kwa kusuasua, na maandazi yakatoka kwenye mafuta yamepauka, mazito kama kokoto, kwa sababu kitu hiki hakigeuki rangi kwenye moto kama sukari. Mama mkwe ni mtu wa heshima zake, akala mawili na kusifu hiliki. Chai akanywa vikombe viwili, na yeye ni mtu wa vijiko vinne kama mimi. Ndilo jambo pekee tunalofanana.

Nyumba yetu ina choo kimoja. Zailitoli nyingi haimalizwi na utumbo mdogo, inateremka chini, inavuta maji, na huko chini inachacha. Saa moja baadaye matumbo yalianza kunguruma sebuleni kwa zamu, kila mmoja akijifanya hasikii la mwenzake. Mtoto mkubwa alikimbia kwanza. Halafu mimi. Nikiwa humo ndani nikasikia mlango ukigongwa taratibu, na sauti ya mama mkwe, ambaye kwa miaka kumi na ushee sijawahi kuzungumza naye bila kuinamisha kichwa, ikisema: "Baba, ukimaliza."

Sitaki kuendelea na sehemu hiyo.

Kilichonitia hasira ya kweli kilikuja jioni. Maandazi saba yalikuwa yamebaki, nikayabeba nimtupie mbwa wa mwenye nyumba. Shemeji yangu, anayesomea udaktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, alikuwa amekuja kumchukua mama yake. Akaniuliza yana nini. Nilipomwambia, alinipokonya sahani. Zailitoli ambayo kwa binadamu inaishia kuharisha, kwa mbwa inafyatua insulini, sukari ya damu inaporomoka ndani ya muda mfupi, na ini linaweza kuharibika kabisa. Kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Nilikaa chini. Mbwa yule hunisindikiza kituoni kila alfajiri.

Jumatatu nilikuwa dukani kabla hawajamaliza kufagia. Nikamweleza kijana yote, kwa adabu, naapa kwa adabu. Hamira, matumbo, mama mkwe, mbwa. Nikamwambia aandike tu pale kwenye karatasi mistari miwili: anza na kidogo, usimpe mbwa. Akanisikiliza, akamtazama mwenzake, kisha akasema:

"Bosi, kwani mbwa wako anasumbuliwa na meno?"

Duka zima likacheka. Mama mmoja aliyekuja kununua mbegu za maboga alicheka mpaka akashika meza. Hela sikurudishiwa.

Kwa hiyo kama mnauliza, jibu langu ni msinunue. Lakini hapana, nisiwe mwongo. Baadaye ndugu aliniletea bigijii zenyewe kutoka nje, pakiti ina maelezo yote, onyo la tumbo limo, na hizo ndizo ninazotafuna hadi leo baada ya kula. Mdomo unabaki mwepesi, ule utando wa jioni sina tena. Niliporudi kwa daktari hapakuwa na shimo jipya. Nilitaka kushangilia, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza chai naweka vijiko vingapi siku hizi. Nusu. Na usiku napiga mswaki? Napiga. "Basi tusiipe zailitoli sifa zote," akasema. Akaongeza kuwa wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipozipitia tafiti mwaka 2015 waliona ushahidi hafifu kwamba dawa ya meno yenye floridi na zailitoli pamoja huwasaidia watoto kuliko yenye floridi peke yake, na kwa bigijii na pipi hawakupata ushahidi wa kutosha kuamua.

Sasa na mimi nisemeje? Kama kitu cha kutafuna baada ya pilau, nakipa nyota nne. Kama sukari ya nyumba yenye choo kimoja, sifuri. Duka lile halipati hata hiyo sifuri. Na bado, nikipita mtaa ule nikakuta gunia lile lile wazi, napunguza mwendo.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja tena. Tulisalimiana vizuri, akauliza hali ya watoto. Chai ilipoletwa alifungua mkoba wake, akatoa sukari yake iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, akatia vijiko vinne, akakoroga, wala hakunitazama.