Vilemba, Skranchi na Vibanio vya Mabaki ya Vitambaa na Rangi za Mimea: Uanze na Kipi?

Kitambaa cha kichwani kilichotiwa rangi ya mmea kinateswa na mafuta kuliko maji. Nywele hupakwa mafuta ya nazi, ya mnyonyo au siagi ya shea mara kwa mara, na baadhi ya rangi za mimea huyeyuka ndani ya mafuta kabla kitambaa hakijaona sabuni. Ndiyo maana tunapanga bidhaa hizi kwa mambo matatu: rangi itafanya nini ikikutana na mafuta na jasho, nywele zitasuguliwa kiasi gani, na kama fundi anaweza kufumua na kurekebisha pale lastiki itakapochoka. Kwa kawaida lastiki huchoka kabla ya kitambaa.

Kwanza, rangi yenyewe

Kwenye pamba, tegemea zaidi rangi zenye tanini (kile kitu cha mimea kinachokausha ulimi kwenye chai kali), na nili. Maganda ya komamanga hutoa njano iliyopoa, majani ya chai hutoa kahawia, magome ya mkoko hutoa kahawia yenye wekundu. Kitambaa kilichopikwa kwa yoyote kati ya hizi kikichovywa kwenye maji ya chuma (maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya chuma) kinageuka kijivu, zaituni au karibu cheusi. Kwa mkoko, muulize muuzaji magome yametoka wapi, maana mikoko ni misitu inayolindwa na kuivuna kunataka kibali. Maganda ya vitunguu maji hutoa rangi ya dhahabu hadi chungwa, nayo hukaa vizuri kiasi ikiwa imeshikwa na shabu.

Bizari ya manjano na mzingefuri ndizo zinazovutia macho mezani, na ndizo zinazoumiza wanunuzi wengi. Njano ya bizari hufifia juani upesi, na ikiguswa na sabuni ya mche hugeuka nyekundu ya matofali. Mbegu za mzingefuri zina rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo paji la uso na nywele zenye mvi zinaweza kubaki na alama ya chungwa. Waridi ya bitiruti au rozela ni doa zuri la muda tu: baada ya kufuliwa mara chache hubaki wingu la kijivu. Ukipenda waridi, tafuta ya mbegu za parachichi. Imepoa, haing'ai, lakini inakaa.

Muulize muuzaji alitumia nini kushikisha rangi. Jibu la mtu anayeijua kazi ni la vipimo: kitambaa cha pamba kilichemshwa kwanza kuondoa wanga na uchafu, kikalowekwa kwenye tanini, kisha kwenye shabu ya gramu 15 hivi kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, ndipo kikaingia kwenye sufuria ya rangi. Maganda ya vitunguu yanayotosha kitambaa hicho ni gramu 50 hadi 100. Akikuambia aliweka chumvi na siki basi, rangi hiyo haina cha kuishikilia kwenye pamba. Nili haihitaji shabu, ila isiposuuzwa vya kutosha huacha buluu vidoleni. Chuma nacho kina mipaka: gramu 1 au 2 kwa gramu 100 za kitambaa zinatosha. Kikizidi, nyuzi hukauka na kukatika, kwa hiyo vuta kitambaa cheusi kando ya mshono usikie kama kinalia.

Nenda dukani na leso nyeupe ya pamba na matone machache ya mafuta ya nazi. Pakaza mafuta kwenye kona ya leso, sugua mara kumi sehemu isiyoonekana ya bidhaa, kisha rudia kwa kona nyingine yenye maji. Kivuli chepesi kwenye kona ya maji kinavumilika, kwa sababu kufua mara ya kwanza kutakiondoa. Alama nzito kwenye kona ya mafuta haivumiliki.

Kitambaa cha zamani, au kipya kilichokatwakatwa?

Mabaki ya kweli hutoka kwenye vikapu vya mafundi cherehani, shuka na mashati meupe ya mitumba, kanga zilizochakaa, kanzu kuukuu. Ukiona vipande thelathini vya ua moja, vyenye ukubwa mmoja na visivyo na kiungo hata kimoja, uliza vizuri, maana huenda vimekatwa kwenye jora jipya.

Kanga ya pamba iliyofuliwa miaka mingi ni laini kuliko kitambaa chochote kipya cha bei hiyo. Lakini rangi zake kali za nyekundu, nyeusi na njano ni za kiwandani. Muuzaji anayesema ua la kanga limechapwa kwa mimea anakosea. Anachoweza kufanya kwa haki ni kuichovya kanga iliyopauka kwenye chai au komamanga ili rangi zake zitulie.

Poliesta haishiki rangi hizi. Omba uzi mmoja, uuchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu. Satini nyingi za mitumba ni poliesta, kwa hiyo satini yenye zambarau kali "ya mmea" ama ni hariri, na itakuwa na bei ya hariri, ama maelezo si ya kweli.

1. Kilemba

Hiki kinashika nafasi ya kwanza kwa sababu hakina lastiki, gundi wala chuma. Kinachoharibika ni pindo tu, na pindo hushonwa upya kwa dakika chache. Upana wa sentimita 50 hadi 60 na urefu wa 150 hadi 180 unatosha mitindo mingi. Kipande kimoja cha kanga, chenye sentimita 150 kwa 110 hivi, kikikatwa katikati kwa urefu hutoa vilemba viwili bila kubakiza kitu.

Cha mabaki mara nyingi kina viungo. Viungo si kasoro, mradi mshono umelazwa na kingo zimefichwa ndani kama mshono wa pembeni wa suruali ya jinzi. Kiungo chenye kingo wazi hunasa nywele kisogoni na kufumuka. Pamba hunyonya unyevu wa nywele, kwa hiyo wenye nywele kavu wavae kitambaa chembamba cha satini chini yake.

2. Skranchi

Skranchi, yaani lastiki ya kufungia nywele iliyovikwa kitambaa chenye mikunjo, ndiyo zawadi rahisi, na ndiyo inayotumia vipande vidogo ambavyo vingetupwa. Ya kawaida hutoka kwenye utepe wa sentimita 10 kwa 55, na lastiki ya sentimita 18 hadi 20 yenye upana wa milimita 6 au zaidi. Kwa waliosuka rasta nene au wenye dredi ndefu, dai utepe wa 14 kwa 70 na lastiki ya 24. Ya kawaida itawabana na kukatika ndani ya wiki chache.

Ivute mpaka ifike mara mbili ya ukubwa wake. Ukisikia uzi ukikatika, mshono ulikuwa mnyoofu na hauna nafasi ya kuvutika. Kisha papasa kiungo cha lastiki. Kinatakiwa kuwa bapa, ncha zimepandana kama sentimita 1 na kushonwa zigizaga. Fundo lililofungwa hufunguka, na kabla ya kufunguka huuma kichwa. Tafuta pia sentimita 3 hivi zilizofungwa kwa mishono ya mkono. Hapo ndipo lastiki mpya itakapopitishwa bila kufumua kazi yote.

3. Boneti ya kulalia

Kwa afya ya nywele pekee ingekuwa ya kwanza. Inashuka kwa sababu jasho la usiku na mafuta huishambulia rangi kila siku. Nunua yenye pamba ya rangi ya mmea nje na satini ya mabaki ndani, kwa mfano bitana za magauni ya harusi, na usishangae satini ikibaki nyeupe. Duara la sentimita 60 linatosha misuko mingi. Epuka bizari na mzingefuri kabisa, maana foronya zitaingia madoa.

4. Bendi pana ya kichwa

Pima kichwa kuzunguka juu ya masikio. Wengi wa watu wazima ni kati ya sentimita 54 na 58. Bendi isiyovutwa iwe pungufu kwa sentimita 3 hadi 5, si zaidi. Inayobana sana hukata nywele za pembeni za paji, na zikikatwa kila siku mahali pamoja huchukua muda mrefu kurudi, wakati mwingine hazirudi. Lastiki iwe kisogoni tu, ndani ya mfuko wake.

5. Bendi ngumu iliyovikwa kitambaa

Huwa ya plastiki ndani na gundi juu. Chukua iliyozungushiwa kitambaa na kushonwa mwisho wake, nawe uivae kwa saa chache tu kwa kuwa hubana nyuma ya masikio.

6. Klipu na vibanio vyenye maua ya kitambaa

Hapa matatizo yanakutana. Gundi ya moto hulainika kwenye gari lililoegeshwa juani, na ua linabaki mkononi. Klipu ya chuma isiyopakwa vizuri hupata kutu, na kutu ikikutana na kitambaa cha chai, mkoko au komamanga hutoa doa jeusi lisilofulika, kwa sababu chuma na tanini ndivyo vinavyotengeneza rangi nyeusi. Kwa watoto wadogo, vifungo vinavyong'oka ni hatari ya kukaba koo.

Kama ua limekuvutia sana, nunua, kisha mpe fundi alibandue, aweke kipande cha pamba nene isiyotiwa rangi kati yake na chuma, na alishone upya kwa uzi wa mara mbili.