Dawa za chunusi: ipi ununue kwanza, ipi uiache kaunta

Ukifika kaunta na kusema "naomba dawa ya chunusi", mara nyingi unaulizwa una shilingi ngapi kabla hujaulizwa una chunusi za aina gani. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa viambato, wala si kwa majina ya kampuni. Geuza boksi, soma maandishi madogo ya pembeni. Dawa imeandikwa huko. Mbele kuna picha ya mdada mwenye uso laini tu.

Kama chunusi zako ni mavimbe makubwa ya ndani yanayouma na kuacha mashimo, usinunue chochote hapa. Nenda kwa daktari wa ngozi moja kwa moja, maana kila mwezi unaopotea ni makovu mengine. Walio Kaskazini mwa Tanzania wana bahati: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990.

1. Benzoili peroksaidi

Mwenye hela ya tyubu moja tu anunue hii. Kwenye boksi itasomeka benzoyl peroxide, na asilimia 2.5, 5 au 10. Chukua 2.5, au 5 kama hiyo haipo. Wengi hukimbilia 10 wakidhani ndiyo kali inayomaliza kazi, lakini kwa chunusi za kawaida ile ya 2.5 inakaribiana nayo kabisa, tofauti ni kwamba 10 inakubabua zaidi. Inaua bakteria wa chunusi, na tofauti na antibaotiki, bakteria hao hawaizoei.

Madhara yake ni ukavu, kuchonyota na ngozi kupukutika wiki za mwanzo. Anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ukiona uso unawaka, paka, kaa dakika tano hadi kumi, kisha osha. Jambo ambalo muuzaji hakwambii: inachujua rangi ya nguo. Foronya ya bluu itapata mabaka meupe, na mtandio mweusi utageuka wa kahawia pale unapogusa shavu. Tumia foronya nyeupe, na nawa mikono kabla ya kushika kanga ya mtu.

2. Adapalini

Jeli ya asilimia 0.1, inapakwa usiku tu. Kwa ngozi yetu nyeusi, ambapo kero kubwa ni doa linalobaki miezi baada ya chunusi kupona, ningeiweka ya kwanza kama ingekuwa inapatikana kila mahali kwa bei nafuu. Inafungua vitundu vya ngozi na kuzuia chunusi mpya, kwa hiyo unapaka uso mzima, siyo kugusagusa kipele kimoja kimoja. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso wote.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Wiki za mwanzo uso unaweza kuchafuka zaidi, watu wanasema "imenikataa" na tyubu inaishia kwenye droo. Haijakukataa, ipe wiki nane hadi kumi na mbili. Lakini kama uso umevimba au umetoa malengelenge, hiyo ni habari nyingine, acha mara moja. Asubuhi paka mafuta ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu. Mjamzito, au anayetafuta ujauzito, asiinunue.

Ndugu yake tretinoini inafanya kazi hiyo hiyo kwa ukali zaidi, na katazo la ujauzito ni lile lile.

3. Asidi ya azelaiki

Krimu ya asilimia 20 au jeli ya 15. Chaguo zuri kwa mama mjamzito, na inafifisha madoa bila kuchubua ngozi nzima. Inawasha kidogo mwanzoni. Kilichoishusha hadi nafasi ya tatu ni bei, na kwamba nje ya famasi kubwa za mjini utaitafuta sana.

4. Asidi ya salisiliki

Ya kunawia, asilimia 2. Inafaa kwa vichunusi vyeusi vya puani na uso wenye mafuta. Ni nyepesi, usitarajie makubwa.

5. Klindamisini ya kupaka

Siyo mbaya, ila usiinunue peke yake. Ni antibaotiki, ikitumika bila benzoili peroksaidi bakteria wanaizoea, na baada ya miezi unabaki na chunusi zile zile na tyubu isiyofanya kazi.

Za kumeza sizipangi, kwa sababu si za kujinunulia. Doksisaiklini inaandikwa na daktari kwa miezi michache. Inataka maji mengi na kutolala papo hapo baada ya kumeza, la sivyo inaunguza koo la chakula, na juani ngozi inababuka upesi. Haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Isotretinoini ni dawa kubwa kweli kwa chunusi sugu, lakini inaharibu mimba vibaya: mwanamke lazima awe kwenye uzazi wa mpango muda wote na mwezi mmoja baada ya kumaliza, na vipimo vya ini na mafuta ya damu hufanywa. Anayekuuzia kwa kuihesabu vidonge mkononi bila cheti, mkimbie.

Za kuacha kaunta

Krimu zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho. Zinauzwa bei ya chini, na ubaya wake ni kwamba mwanzoni zinafanya kazi. Siku ya tatu uso umetulia, wekundu umekwisha, rangi imeng'aa, na shoga zako wanauliza unatumia nini. Wiki kadhaa baadaye vinatoka vipele vidogo vya saizi moja, vimejipanga paji la uso na kidevuni. Ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, na vinyweleo vinaota mashavuni. Ukiacha, uso unawaka moto, basi unarudi kununua nyingine. Wanaojipaka mwili mzima hupata michirizi mapajani na makwapani ambayo haifutiki.

Tafuta maneno betamethasone, clobetasol au fluocinonide. Hujificha zaidi kwenye zile tyubu za "tatu kwa moja": steroidi, dawa ya fangasi na antibaotiki pamoja, zinazotolewa kwa kila kitu kuanzia chunusi hadi muwasho. Kama umeshaitumia usoni kwa miezi, usiikate ghafla bila kuongea na daktari.

Mkorogo ni vilevile au zaidi, maana hujui kilichomo. Haidrokwinoni, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, inaweza kuacha weusi wa kudumu mashavuni, kinyume cha ulichonunulia. Zebaki, ambayo boksi huweza kuiita mercury au calomel, inaharibu figo. Na dawa ya meno juu ya kipele? Inaunguza tu.

Kabla hata ya tyubu, angalia mafuta ya nywele. Chunusi zikijazana mpaka wa paji la uso na nywele, mara nyingi ni mafuta mazito yanayoshuka.

Virutubisho

Hapa hela nyingi inapotea. Zinki ndiyo pekee ningeifikiria, na msaada wake ni wa wastani. Usizidishe miligramu 40 kwa siku, kula kwanza la sivyo kichefuchefu kitakushika, na kama uko kwenye doksisaiklini vipishanishe kwa saa kadhaa kwani zinki inaizuia isinyonywe vizuri. Bayotini haina ushahidi wa maana kwa chunusi, na dozi kubwa inavuruga majibu ya vipimo vya damu, vya tezi ya shingo na hata vya moyo. Mwambie mpimaji kama unaitumia. Vitamini A ya dozi kubwa inaumiza ini na mimba, na haichanganywi kabisa na isotretinoini. Sindano na dripu za glutathioni ni za kuweupisha, hazitibu chunusi.

Kuna virutubisho vinavyoleta chunusi pia. Sindano za B12 zinajulikana kwa hilo, na vijana wa gym wanaokunywa unga wa protini ya maziwa wajaribu kuuacha miezi miwili kabla ya kununua tyubu yoyote.