NeoNatalie: mdoli aliyenifundisha kushika barakoa

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa tisa huu niko wodi ya wazazi. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, niliyapata kwanza kwenye semina ya siku moja. Nilifaulu, cheti nikapewa. Miezi michache baadaye akazaliwa mtoto asiyelia. Majimaji ya uzazi yalikuwa safi, hakukuwa na haja ya kumfyonza mdomo na pua, lakini mimi nikaanza kumfyonza, nikamfyonza tena, dakika ya dhahabu, ile ya kwanza baada ya kuzaliwa, ikaisha sijagusa ambubagi, ule mfuko wa kuminya wenye barakoa ya kumpa mtoto hewa. Daktari wa zamu ndiye aliyempa pumzi, Mungu saidia akalia. Mdoli wa mazoezi alikuwa stoo tangu siku ya semina, na mwenye ufunguo yuko likizo.

Hospitali niliyopo sasa, mdoli analala mezani palepale leba. NeoNatalie hutengenezwa na Laerdal ya Norway. Unamjaza maji kama lita mbili, basi analegea na kuelemea mkononi kama kichanga kweli. Ana vipira viwili: mwenzako akiminya kimoja anapumua, akiminya kingine kitovu kinapiga. Kwa hiyo mnafanya wawili, na anayeminya ndiye anayeamua kama mtoto anarudi au bado.

Mwalimu wangu hasa ni kile kifua. Barakoa ikivuja hakipandi, uminye ambu utakavyo. Wiki ya kwanza nilikuwa naikandamiza usoni, kidevu kinashuka, njia ya hewa inaziba. Sista mfawidhi akanishika mkono: "Usimkandamize, mwanangu. Mwinue kidevu aifuate barakoa." Gumba na shahada juu, vidole vitatu chini ya taya. Kifua kikapanda! Tangu hapo tunafanya dakika tano tunapopokea zamu, pumzi 40 kwa dakika, tukihesabu kwa sauti.

Hospitali ya Haydom kule Manyara waliliona hili mapema. Mafunzo ya siku moja ya 2010 yaliwapandisha alama kwenye mdoli, lakini leba mambo yakabaki vilevile. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini ndiyo yaliyopunguza vifo vya vichanga. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mtoto wangu wa kwanza.

Kasoro anazo. Hatelezi kama mtoto aliyetoka sasa hivi, wala hakuna mama anayekuuliza "mbona halii?" huku mikono yako inatetemeka. Tunaliziba pengo hilo kwa mmoja wetu kuwa mama, na anauliza kwelikweli. Tena mkishamaliza mwageni maji mumkaushe, msimlaze amejaa.

Wafawidhi mnaotaka kumwagiza, ombeni na ambubagi ya pili, ya mazoezi tu, muiandike kwa maka. Sisi tulikuwa na moja, na usiku mmoja tuliikuta imevalishwa mdoli wakati mtoto ameshatoka.