Bafa ya jeli ya DNA: usilipe nauli ya maji

Bafa ni kimiminika kinachojaza tangi ambamo umeme huvuta vipande vya DNA ndani ya jeli ili vitengane kwa ukubwa. TAE na TBE ni aina zake mbili; 1X ni nguvu ya kutumia, 50X imekolezwa mara 50. Hapa tunazipanga kwa ununuzi, bora kwanza. Chupa ya lita moja ya TAE 50X ukiizimua hutoa lita 50 za kutumia. Dumu la lita kumi la TAE 1X hutoa kumi zile zile, na karibu zote ni maji. Kwa maabara inayopokea mizigo kwa boti, iwe Tunguu ya Unguja au Wawi ya Pemba, bei ya kulinganisha si ile ya kwenye kibandiko. Chukua bei, ongeza nauli, kisha gawa kwa lita utakazomimina kwenye tangi. Tangi dogo hula kama nusu lita kila jeli.

Namba moja, kwa wanaokagua mazao ya PCR (DNA iliyonakiliwa mashineni) siku hadi siku, ni unga wa kutengenezea TBE. Trisi (hutuliza pH), asidi boriki na EDTA (hushika madini ambayo vimeng'enya vinavyokula DNA huyahitaji) ni kavu, hazimwagiki njiani. Lita moja ya 5X inataka Trisi gramu 54, asidi boriki gramu 27.5, na mililita 20 za EDTA ya nusu mola yenye pH 8.0. pH ya bafa yenyewe usiisahihishe kwa asidi nyingine. Inakaa karibu na 8.3 bila kuguswa. Izimue mara kumi upate 0.5X, nayo yatosha kwa jeli nyingi, hasa za vipande vilivyo chini ya besi (herufi za DNA) 1,500. Kopo la Trisi la gramu 500 hufika lita 90 na kitu. Boriki agiza nusu ya uzito wa Trisi. Zitamalizika karibu pamoja.

Usiweke akiba ya 10X. Ikikaa hutoa chenga nyeupe chini, na kinachobaki juu si 10X tena.

Makosa ya ununuzi yako kwenye kibandiko. Trisi unayoitaka ina uzito wa molekuli 121.14. Ukiona 157.60, hiyo ni Trisi-HCl: kloridi yake hupandisha mkondo wa umeme, jeli ikachemka bure. EDTA iwe ile ya sodiamu mbili yenye maji, 372.24, ile ya 292.24 ni asidi tupu, haiyeyuki kirahisi. Hata ile sahihi haiyeyuki mpaka pH ikaribie 8. Gramu 186.1 kwa lita huhitaji takriban gramu 20 za hidroksidi ya sodiamu, itiwe kidogo kidogo. Wengi hukoroga saa nzima, kisha wakamlaumu muuzaji. Daraja ghali la baiolojia ya molekuli si lazima kwa bafa ya tangi. Daraja la uchambuzi linafaa. Boriki ya keram, lakini, iacheni barazani.

TAE 50X iliyo tayari ni namba mbili, ila inapanda kuwa namba moja ukikata kipande cha jeli ili uunganishe DNA yake baadaye, maana borati ya TBE huvizuia baadhi ya vimeng'enya, kikiwemo cha kuunganishia. Pia TAE hutenganisha vyema vipande vikubwa, vya zaidi ya besi 2,000. Mchanganyiko wake ni Trisi gramu 242, asidi asetiki kali mililita 57.1 na EDTA ya nusu mola mililita 100 kwa lita. Tunapendelea iliyo tayari kwa sababu asidi hiyo ikiwa peke yake huunguza na hushika moto, na kuisafirisha ni kazi. Siki ya dukani haishiki nafasi yake. Udhaifu wa TAE ni kuchoka upesi: upande wa elektrodi hasi pH hupanda, upande wa chanya hushuka, na mistari huanza kufifia. Ibadilishe baada ya jeli moja au mbili, na usizidishe volti 5 kwa kila sentimita. Sentimita hizo ni za baina ya elektrodi, si urefu wa jeli.

Pakiti za unga uliokwishapimwa ni za tatu. Zinafaa kwa maabara isiyo na mizani nzuri, au ya wanafunzi. Kagua foili: iliyotoboka, kwa unyevu wetu wa masika, utakuta bonge.

Ya nne, borati ya sodiamu, ndiyo rahisi kuliko zote: hidroksidi gramu 8, kisha boriki mpaka pH 8.5, takriban gramu 45 hivi, kwa lita ya 20X. Haipati moto haraka, hivyo volti zaweza kupandishwa sana. Lakini vipande vya zaidi ya besi 3,000 havitengani vizuri, na hidroksidi ikishafunguliwa hunyonya unyevu mpaka uzito wake ukadanganya.

1X ya dumu ni ya mwisho. Inunue tu ikiwa huna maji safi kabisa.

Maji yenyewe, basi. Visima vyetu viko kwenye mawe ya matumbawe, na kalsiamu yake huishika EDTA kabla haijafanya kazi. Chumvi huongeza mkondo, jeli ikapata joto na mistari ikapinda kama hilali. Tumia yaliyokenekwa. Maji ya betri yasome kibandiko kwanza, mengine ni asidi. Na agarosi, unga wa kutengenezea jeli, iyeyushe kwa bafa ile ile iliyomo tangini, kwa nguvu ile ile. Ukiiyeyusha kwa maji matupu, DNA haitakwenda inavyotakiwa hata ukingoje mpaka magharibi.